Lango la Pili

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote hapa nyumbani. Hatujambo, ila magoti yangu ni yale yale, yanajua mvua kabla ya redio. Cherehani moja imekata mkanda, nyingine inakwenda. Mpangaji wa chumba cha uani amehama na ameondoka na balbu. Msalimie sana wifi yangu.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nikisikia sauti yako naanza kulia kabla hujamaliza kuitika. Halafu simu haiwekeki. Barua naiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na zile za mwanangu Nukta.

Mwezi ujao mwanangu anatimiza mwaka tangu tumzike. Watu wameacha kunipa pole, sasa wananiuliza suruali zao zitakuwa tayari lini. Wiki iliyopita nimezitoa barua zake zote kumi na tisa, nikazisoma kwa mpangilio. Kazi yake sikuwahi kuielewa vizuri. Kusoma prufu, alisema: kukaa na penseli na kutafuta makosa ya watu wengine kabla hayajachapwa. Nilimjibu kwamba kazi hiyo mimi naifanya hapa bure kila siku.

Lakini barua zake hazina habari za kazi. Zimejaa Jumapili. Jumapili kwenye mnara wa taa, Jumapili kwenye jumba la makumbusho lenye mifupa ya nyangumi, Jumapili ufukweni, Jumapili kwenye hoteli ya samaki yenye turubai, ambako unajichagulia samaki kwenye barafu. Na kila mahali upo wewe. "Mjomba alinipeleka." "Mjomba alisema tukae kivulini." Sikukushukuru ipasavyo. Siku ya mazishi nilisema asante moja tu.

Basi nataka nije. Agosti, nikishamaliza sare za shule. Nataka unipeleke kote ulikompeleka, kwa mpangilio wa barua. Kabla sijaja niandikie yale ambayo yeye hakuyaandika: alikaa upande gani wa meza, alicheka nini, alivaa shati lipi. Yale ya kwake ninayo. Nimebakiza ya kwako.

Dada yako, fundi

27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku nyingi kidogo, ikanikuta nimebanwa na kazi. Hapa ghalani wametuletea mizani mpya. Gunia lile lile linapima hivi asubuhi na vingine mchana, na karani wa mizani ni mimi, kwa hiyo maelezo naandika mimi. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Paa limevuja jikoni, tumeweka sufuria. Meza yangu ofisini ipo pale pale, kiti kimeipa bahari mgongo.

Wazo la kuja ni zuri, ila Agosti mji hujaa wageni na vyumba huwa tabu. Mahali pengi pia pamebadilika. Ningeshauri usubiri mwaka ujao, magoti nayo yapumzike.

Kuhusu Nukta, niseme nini dada? Alikuwa kijana wa adabu. Alipenda kutembea. Samaki ndiyo usiseme, hasa wa kukaanga. Mengine nitakuandikia nikipata nafasi.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sufuria ya jikoni iondoe mpande kuziba paa, wewe na wifi si bata.

Barua yako nimeisoma mara nne, si kwa utamu, ni kwa ufupi wake. Mwanangu alipenda samaki? Tangu akiwa na meno mawili samaki alimvimbisha midomo. Umesahau siku tuliyomkimbiza zahanati, wewe ukiwa umembeba mgongoni na kiatu chako kimoja kimebaki njiani? Kwenye barua ya sita ameandika mwenyewe: "Mjomba alimaliza samaki mzima, mimi nikala viazi." Basi tuseme kalamu yako iliteleza.

Na usinipige danadana na huo mwaka ujao. Mwaka huu wenyewe sijui nimeumalizaje.

Nianzie na jambo dogo, ili usiseme nakubana. Barua ya tisa inasema mliogelea pamoja mpaka kwenye boya jekundu na kurudi, na kwamba ulimshinda. Niandikie siku hiyo tu. Maji yalikuwaje, na mlizungumza nini mkijikausha.

Dada yako

21 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Nilianza barua tatu nikazichana. Wifi yako aliugua malaria, sasa anaendelea vizuri. Paa tumeziba.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye mnara wa taa. Nilishuka kituo cha mwisho cha basi nikatembea kama robo saa kando ya ukuta wa bandari. Mnara umepakwa rangi nyeupe na mistari miwili myekundu, ule wa chini umebabuka. Kuna benchi la saruji na mama mmoja anayeuza maji ya chupa. Mlango ni wa chuma, ulikuwa umefungwa siku hiyo, kwa hiyo sikupanda.

Nikaenda pia kuitafuta hoteli ya samaki. Haipo. Pamejengwa kituo cha mafuta. Nilimuuliza anayejaza mafuta, akasema kituo kina miaka saba. Unanijua, dada, siwezi kuandika uzito ambao sijauona kwenye mizani, ndiyo maana nakueleza kama nilivyoona. Labda Nukta alikusudia hoteli nyingine.

Habari ya kuogelea nitakueleza tukionana. Si ya kuandika.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi wifi amepona.

Nukta aliishi huko miaka minne. Mimi ni fundi cherehani, kutoa nne kwenye saba naweza.

Barua yake ya kwanza kabisa inasema hivi, nainakili: "Ukifika juu ya mnara, upepo hukuvua kofia kabla hujauona mji, na mlinzi mwenye moyo mwema hukuruhusu kugusa kioo cha taa." Wewe mlinzi hukumtaja, mlango ulikuta umefungwa. Mmoja wenu kaniandikia asichokiona.

Tiketi nimeshakata, tarehe kumi Agosti. Nina swali moja nawe unijibu jibu moja. Ulikwenda naye wapi?

Dada yako

30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za nyumbani, maana nikianza nazo nitajificha humo mpaka karatasi iishe.

Sikwenda naye popote.

Mwezi wake wa kwanza alilala sebuleni kwangu. Akaniambia, "Mjomba, Jumapili utanitembeza mji?" Nikamwambia Jumapili hii nimechoka, ijayo. Ijayo kulikuwa na mpira redioni. Iliyofuata nikawa na nguo za kufua. Hakunikumbusha zaidi ya mara tatu, unamjua. Akapata chumba karibu na mtambo wa uchapaji, akahama kwa adabu, akaniachia shuka zimekunjwa. Hatukugombana, dada. Tungegombana ningekuwa na la kujitetea. Baada ya hapo nilikuwa namwona langoni mwa ghala, pengine mara moja kwa miezi miwili. Tunasalimiana nikiwa na karatasi mkononi, ananiambia mama anakusalimu, namwambia msalimie, anakwenda zake. Alipougua mapafu nilipata habari siku ya tatu, kutoka kwa msimamizi wake. Kwenye mazishi uliponishika mkono ukasema asante kwa kumtunza mwanangu, niliitikia. Niliitikia, dada.

Barua yako ya Februari ilipofika nilidhani nikienda mahali hapo mwenyewe nitapata cha kukuandikia. Mnara haukufungwa siku hiyo tu. Mama wa maji aliniambia umefungwa kwa watu tangu kabla hajaanza kuuza pale, na kazi hiyo ana miaka tisa nayo. Hapo nikajua hata Nukta hakupanda. Basi alizitoa wapi habari zile? Baada ya swali lako nilikwenda mtamboni na sentensi uliyoninakilia.

Msimamizi wa chumba cha prufu ni mwanamke mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Nilipomsomea ile ya upepo na kofia, hakuniacha nimalize. Aliimalizia yeye kwa kichwa. Akafungua kabati akanitolea kitabu cha mwongozo wa wageni: mahali pa kutembelea, fukwe, hoteli za kula. Wanakichapa kila mwaka, na kila mwaka Nukta ndiye aliyekisoma kabla ya kuchapwa. Mnara umo, mlinzi yumo, hoteli ya turubai imo. Waandishi walikuwa wananakili vya zamani bila kwenda kuangalia.

"Na yeye hakwenda?" nikamuuliza.

"Aende lini?" akasema. "Jumapili ndiyo tunasoma gazeti la Jumatatu. Miaka minne hakukosa hata moja. Mchana wakati wa chai alikuwa anakaa na kitabu hiki, anaandika barua. Tulidhani ana mchumba."

Halafu akanionyesha kurasa zake za prufu za toleo la mwisho. Dada, waandishi walikuwa hawampendi kwa maswali. Kwenye ukurasa wa ufukwe waliandika kwamba mgeni hushuka kwa ngazi za mawe zenye mandhari ya kuvutia. Kando, kwa penseli yake, na yale maandishi madogo: "Ngazi ngapi? Mtu mwenye magoti mabovu atashukaje? Hakuna mlango mwingine?" Na chini yake: "Ni kwa ajili ya mama yangu, lakini na wengine pia."

Wakaenda kuuliza. Msimamizi anasema ni swali lake pekee ambalo mtu aliinuka kitini kwenda kulitafutia jibu. Kwenye kitabu kilichochapwa imo sasa: "Wenye maumivu ya magoti wapitie lango la pili, nyuma ya vyoo, lina mteremko." Kitabu kilitoka wiki mbili baada ya kumzika.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Ngazi ni sitini na nne. Lango la pili lipo, nyuma ya vyoo kweli, na harufu ipo, sikufichi. Mteremko ni wa saruji, una chuma cha kushikilia upande wa kulia. Niliupanda na kuushuka mara mbili. Unautosha mguu wako.

Sasa umejua. Tiketi yako ukiirudisha nitaelewa. Ukija usitake kuniona, nitaelewa pia.

Mdogo wako

18 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako ilikaa droo ya cherehani siku sita bila jibu. Nilishona sare thelathini na sikumsemesha mtu. Wateja walidhani naumwa jino. Nilikukasirikia mpaka nikajidunga sindano kidoleni, kitu ambacho hakijanitokea tangu nijifunze kazi. Hiyo nakwambia ili usije ukadhani nimekusamehe kirahisi.

Sasa na mimi nikuambie langu. Nilijua boya ni uongo. Ulipokuwa na miaka saba nilikuvuta nywele kukutoa kwenye bwawa la ng'ombe, ukiwa umeshageuka rangi, na tangu siku hiyo huvuki hata mfereji bila kushika mkono wa mtu. Eti umefika kwenye boya, tena umemshinda! Nilipoisoma barua ile nilicheka peke yangu, nikasema mwanangu anatia chumvi. Nilidhani chumvi ni hiyo tu. Alipokwisha kufa nikaanza kuwaza, na nilipokuandikia Februari sikuwa nakushukuru tu, nilikuwa nakupima. Wewe na mizani yako hukuliona hilo.

Na la pili, hili sijamwambia mtu. Nukta alipokuwa na mwezi mmoja huko, aliniambia kwenye simu kwamba Jumapili zinapita tu. Nikamwandikia kwa hasira: "Kama mjomba wako hakutunzi niambie. Nitakuja kukuchukua, na yule sitasema naye mpaka nife." Jibu lake ndilo ile barua ya kwanza, ya mnara. Mjomba alinipeleka.

Unaelewa? Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kitisho cha mama yake mkononi. Alitaka abaki na kazi yake, na alitaka mimi nibaki na mdogo wangu. Akakaa na kile kitabu wakati wa chai, akatushonea mjomba. Kumi na tisa, bila kukosea mshono, isipokuwa pale kwenye boya, kwa sababu habari ya bwawa hakuna aliyemsimulia.

Tiketi sirudishi. Nitakuja na barua zote, hata kama kila moja ni uongo, maana ni mkono wake. Mnara tutautazama kwa chini. Kwenye kituo cha mafuta tutasimama, watushangae. Ufukweni tutapita lango la pili.

Na wewe nikuambie kama fundi. Mwanangu amekushonea mjomba mkubwa kuliko mwili wako. Sitaipunguza nguo hiyo. Utaivaa hivyo hivyo mpaka ikukae.

Nipokee stendi. Nitavaa kitambaa cha kijani.

Dada yako

6 Desemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, wifi yako anasema hajapata mtu wa kumkosoa mapishi tangu uondoke na amepakumbuka mahali pako mezani. Mizani mpya wameirudisha kiwandani. Meza yangu nimeigeuza. Wenzangu wameniuliza kulikoni, nikawaambia mwanga.

Pamoja na barua hii nakutumia kitabu cha mwongozo, toleo jipya, limetoka juzi. Msimamizi mwenye miwani mbili alinikubalia niwe nazunguka kila Jumapili na kurasa zake mkononi, nione kama kilichoandikwa kipo. Silipwi na sitaki. Mnara sasa umeandikwa kwamba umefungwa, na benchi limetajwa. Mlinzi tumemtoa, ingawa iliniuma kumfuta mtu aliyekuwa na moyo mwema. Hoteli ya turubai tumeitoa. Nyangumi yupo, ni kweli yupo, ila mifupa miwili ya mkiani ni ya plasta, nayo nimeiandikisha.

Agosti, uliposhuka mteremko ule umenishika bega, ulikaa mchangani ukaisoma barua ya tisa kwa sauti. Mimi nilisimama mbali na maji, viatu miguuni. Ulipomaliza uliikunja, ukalitazama boya, hukuniambia kitu. Ukimya ule nilikaa nao Septemba yote. Ningependelea unitukane.

Jumapili ya pili ya Oktoba nilikwenda peke yangu, asubuhi, watu wakiwa wengi. Nilimwambia mama mmoja aliyekuwa na watoto wake kwamba naomba anitazame, na nikianguka apige kelele. Akanicheka, lakini alinitazama. Nilikunja suruali. Boyani sikufika, dada, na sitafika. Lakini niliingia, nikahesabu, nikatoka, na nilipokaa mchangani nililia kama nilivyopaswa kulia siku ya mazishi.

Fungua ukurasa wa thelathini na moja. Lile la lango la pili lipo, hakuna aliyeligusa. Chini yake tumeongeza mstari mmoja:

"Wasiojua kuogelea wasiogope: hatua arobaini za mwanzo maji hayavuki magoti. Zimehesabiwa."

Mdogo wako,
mjomba wa Nukta